AMANA YA TUMBO NA VIJANA WETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mlio nasi hapa Mgeta na mnaotusikiliza majumbani, tumche Mwenyezi Mungu katika amana alizotukabidhi. Miongoni mwa hizo ni miili ya watoto wetu.

Milima hii ya Uluguru imejaaliwa neema. Maharage, njegere, kabichi na karoti hustawi, na malori huzipeleka mboga Morogoro na Dar es Salaam. Lakini fedha tuipatayo hurudi nyumbani ikiwa soda, biskuti na vya kukaanga. Tunauza kilicho bora, tukawalisha vijana wetu kilicho duni.

Katika madrasa yetu yumo kijana mnene ambaye wenziwe walimwita "Bonge". Sisi walimu tulisikia tukanyamaza, hali ya kuwa dhihaka imekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11. Siku moja hakuja tena. Tulipomwendea kwao, tulimkuta akila peke yake kwa kujificha. Tukaona haya, kwani sahani ile ilipakuliwa na sisi wakubwa.

Wataalamu wanatufahamisha kwamba ndani ya utumbo mpana wanaishi matrilioni ya bakteria. Chakula chao ni nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka isiyokobolewa, ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga. Wakizipata, huzichachua na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Wakizikosa, aina zao hupungua. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, walao mizizi, matunda na asali, wana bakteria wa aina nyingi zaidi kuliko wakazi wa Bologna, Italia.

Mwaka 2025 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa Kilimanjaro uliohusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili wakapewa vya Kizungu kwa majuma mawili, damu yao ilizidi kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani. Waliofanya kinyume chake, dalili hizo zilipungua. Hao walikuwa watu wazima, wala hatusemi kwamba bakteria peke yao ndio sababu ya unene. Lakini tumejua kuwa majuma mawili yatosha mwili kuanza kugeuka, kwa heri au kwa shari.

Basi kabla ya kufunga gunia la sokoni, tutenge la nyumbani. Tupike dona badala ya sembe, tunywe maji badala ya soda. Vijana wapate kila siku saa moja ya kazi au mchezo wa kutoa jasho, na baada ya Isha walale, simu zikiwa mbali. Tusimtenge mmoja kwa njaa na lawama. Nyumba nzima ile sinia moja. Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi.

Yule kijana tulimwomba radhi, naye amerejea darasani. Ee Mola, tusamehe tulipozembea, wape vijana wetu afya na heshima. Amin.