Vikombe Viwili vya Karanga

(Neno kwa wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, ibada ya shukrani, Namanga)

Nimepewa dakika kumi za malezi, na mchungaji ameshaangalia saa, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Watoto wetu biashara wanajifunza kwetu, wakati hatujui kama wanatuangalia.

Yuko mtoto wetu mmoja wa Shule ya Jumapili, miaka tisa. Mama yake ameniruhusu nisimulie, jina naliacha. Alipenda gari la rimoti dukani, jekundu, linawaka taa, shilingi 15,000 za Tanzania. Gari la waya analo, magurudumu ya ndala, kaliunda mwenyewe. Lakini anasema hilo halirudi nyuma bila kuvutwa.

Akaanza kutafuta pesa. Alichukua mayai mawili bandani, akazunguka nyumba, akapiga hodi mlango wa mbele: "Mama, mayai!" Mama akayatambua, maana kuku ni wake. Akahamia vyuma chakavu. Siku hiyo alipata pesa nzuri, mpaka jioni baba alipotafuta nyundo. Baba akaenda kuinunua nyundo yake mwenyewe, kwa kilo!

Sisi wa mpakani mnatujua, pesa mbili mfuko mmoja. Mgeni alimpa mia moja ya Kenya kwa kumbebea begi. Akaibadilisha, akapewa 1,800 za Tanzania. Akaruka! Kwake mia imezaa. Akasema, nikibadilisha tena itazaa tena. Akarudi kwa yule yule mbadilishaji, akapewa 90 ya Kenya. Akakaa chini analia, eti yule baba amewaficha watoto wa pesa yake. Wapendwa, msicheke sana. Humu ndani wapo watu wazima waliotoa pesa zao zikazae kwa wiki mbili, na mpaka leo wanasubiri.

Mwisho mama akamkaangia karanga, akampa kikombe cha kupimia, mia mbili kikombe. Hapo biashara ikaenda. Ila Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja akaona kwenye beseni vikombe viwili. Kimoja kizima. Cha pili kimewekwa boksi chini, ndani. Akaulizwa, hiki cha nini? Akajibu bila wasiwasi: "Hiki cha watu wa ng'ambo. Wao kesho hawarudi." Nani amekufundisha? "Sokoni wakubwa wanafanya hivyo."

Hakuna aliyecheka. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Yule mtoto hajaisoma. Alichosoma ni sisi. Bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Mzigo wa ndugu unaopokelewa kwa ahadi, kisha simu haipokelewi kwa sababu mwenye mzigo yuko nchi nyingine. Tunaitana ndugu katika Bwana, halafu kikombe kina boksi.

Mama yake hakumchapa. Alitoa boksi, akamwambia awafidie wote anaowakumbuka. Wa hapa alimaliza siku hiyo hiyo. Wawili walikuwa wamesharudi Kenya. Akafunga karanga zao kwenye karatasi, akazitunza wiki mbili bila kuzila, na mnajua mtoto na karanga, mpaka walipokuja kwenye ushirika akawakabidhi. Mmoja wao alitokwa na machozi. Aliniambia amedhulumiwa mengi na watu wazima wa pande zote mbili, ila aliyewahi kumrudishia ni huyu tu.

Mwezi uliopita kaleta fungu la kumi. Faida yake ilikuwa 3,000, mkononi ana sarafu ya 500. Akaitumbukiza kapuni, akasimama pale pale mbele ya kanisa anadai chenji mia mbili. Mhudumu akampa. Ni haki yake!

Wazazi, tukitoka hapa kila mmoja akakague kikombe chake. Kama kuna ndugu wa ng'ambo unamdai haki au anakudai, leo mko ndani ya jengo moja. Malizaneni kabla magari hayajaondoka.

Karanga zipo mlangoni. Amebakiza 4,000. Msimpe pesa ya bure, nunueni. Kikombe ni kimoja.