Chupa ya Mafuta na Deni la Nyumba

Neno letu la leo limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mistari saba ya kwanza. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiyekuwa nayo asikilize tu, kwa maana ni habari tuliyoisikia tangu Shule ya Jumapili.

Twasimuliwa juu ya mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, na alipokufa aliacha deni. Basi mwia, yaani yule mwenye kudai, akaja mlangoni. Hakutaka mbuzi wala vyombo vya nyumba. Aliwataka wana wawili wa mama yule wawe watumwa wake.

Hebu tusimame kidogo hapa. Wako watu kanisani wanaodhani kwamba deni ni aibu ya mlevi au ya mvivu, na kwa ajili hiyo mwenye deni hanyamazi kwa mkopeshaji wake tu, bali hata kwa mkewe. Lakini Maandiko yasema wazi kwamba marehemu huyu alikuwa mcha Mungu. Hatuambiwi kama mkewe alijua habari za deni lile wakati mume yu hai. Mimi hujiuliza swali hilo kila nisomapo sura hii, kwa sababu katika nchi yetu wako akina mama wengi ambao husikia habari ya deni baada ya mazishi, turubai likiwa bado halijarudishwa kwa mwenyewe.

Leo nataka tuzungumze juu ya deni moja tu, nalo ni mkopo wa nyumba. Twawajua watu hawa, maana tunakaa nao katika viti vya kanisa: mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti. Alikwenda benki, akapewa fedha za kulipa kwa miaka 15 au 20, akanunua nyumba yake, na hati ya ardhi ikabaki kwa mkopeshaji. Nyumba hiyo imewekwa rehani. Jambo hili si geni. Katika Nehemia sura ya 5 twasoma jinsi watu wa Yerusalemu walivyoweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia aliwakemea wakuu, akawataka wawarudishie ndugu zao mali yao, pamoja na sehemu ya mia waliyokuwa wakiwatoza. Baadhi ya wafafanuzi wa Biblia wanaona sehemu hiyo ilikuwa moja kwa mia kila mwezi. Ikiwa ndivyo, basi ni asilimia 12 kwa mwaka, na wako wasikilizaji wangu asubuhi hii ambao wangeifurahia riba ya siku za Nehemia kuliko ile wanayotozwa.

Sasa chukueni kalamu, maana ningependa tufanye hesabu pamoja. Tuseme mwalimu amekopa shilingi 2,000,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa shilingi 24,003. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 20,000 ni riba. Zinazopunguza deni lenyewe ni 4,003 tu. Atakapofika mwisho atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 4,320,000 kwa mkopo wa milioni mbili.

Jambo linalovunja watu moyo ni hili. Baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja, mwalimu huyu ametoa shilingi 1,440,180. Anakwenda benki akitarajia kusikia deni limebaki kidogo, naye anaambiwa bado anadaiwa kama 1,673,000. Deni limeshuka kwa shilingi 327,000 hivi. Anarudi nyumbani akisema ameibiwa. Hakuibiwa. Ndivyo mkopo wa namna hii unavyokwenda: miaka ya mwanzo fedha nyingi humezwa na riba, na miaka ya mwisho ndipo deni lenyewe huporomoka.

Turudi kwa mama yetu. Alipomlilia Elisha, nabii hakumfanyia mchango wala hakumtuma kwa tajiri. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mama akasema hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Sikieni jinsi jibu lake lilivyoanza: hana kitu. Ndivyo tujibuvyo sisi sote. Mshahara umekwisha tarehe kumi, karo inadaiwa, kuna harusi Jumamosi. Lakini ukitafuta nyuma ya mlango utaona chupa. Pengine ni kuku kumi wanaotaga, pengine ni cherehani, pengine ni shilingi 70 za kila siku zinazopotea kwa soda na muda wa simu. Shilingi 70 kwa siku ni 2,100 kwa mwezi.

Hizo 2,000 tuzipeleke kwa mwalimu wetu. Tangu mwezi wa kwanza alipe 26,003 badala ya 24,003, asibadilishe kitu kingine chochote. Deni lake halitakwisha kwa miaka 15. Litakwisha kwa miaka 12 na miezi minne. Ameongeza kama shilingi 295,000 kidogo kidogo katika muda huo wote, na jumla ya fedha alizotoa imepungua kwa karibu shilingi 490,000. Hakuna muujiza katika hesabu hii. Shilingi ya ziada hailipi riba hata kidogo. Inakwenda moja kwa moja kwenye deni, na deni lililopungua leo halizai riba kesho wala mwakani.

Na wakati una uzito wake. Mtu akilipa shilingi 2,000 za ziada mara moja tu, pamoja na malipo yake ya kwanza, zitamwondolea karibu shilingi 11,900 katika malipo ya mwisho. Akingoja mpaka mwisho wa mwaka wa kumi ndipo alipe 2,000 hizo hizo, zitamwondolea kama 3,600. Ndiyo sababu simwelewi sana mtu asemaye ataanza kulipa zaidi atakapopandishwa cheo.

Elisha alimwambia mama aazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache. Mafuta yalimiminika maadamu kulikuwa na chombo. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma. Fedha kidogo nazo zataka chombo, la sivyo zitamwagika. Wengi wetu chombo chetu ni Sacco au chama cha akina mama, na ni chombo chema. Mwingine atatoa agizo benki ili zile 2,000 ziondoke siku ile ile mshahara unapoingia, kabla mkono haujazigusa. Lakini andikeni barua. Mwambieni mkopeshaji kwa maandishi kwamba fedha za ziada zipunguze deni lenyewe na kufupisha muda. Msipofanya hivyo, zaweza kuwekwa kando kama malipo ya mwezi ujao, na faida yote niliyowaeleza itapotea.

Vijana huniuliza: je, si afadhali fedha hizo tuziwekeze mahali zizae? Swali ni zuri, na jibu lake ni kulinganisha tarakimu mbili. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliuza hati za M-Akiba kwa njia ya simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Ulikuwa mpango mwema kwa mtu asiye na deni. Lakini aliyekuwa na mkopo wa asilimia 12 alipokea kumi kwa mkono wa kulia akatoa kumi na mbili kwa mkono wa kushoto. Kwake yeye, kulipa deni ndiko kulikokuwa kuwekeza, tena bila wasiwasi wowote wa kupata hasara. Februari 2024 mambo yaligeuka: Serikali iliuza hati za miundombinu zenye riba ya zaidi ya asilimia 18, zisizotozwa kodi. Mtu mwenye mkopo wa zamani usiobadilika wa asilimia 12, aliyekuwa na shilingi 100,000 mkononi, alifanya vyema kuikopesha Serikali na kuitumia riba ya kila miezi sita kupunguza deni la nyumba. Lakini ni wangapi wenye mkopo usiobadilika? Mwezi huo huo Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake cha msingi hadi asilimia 13, na wengi wenye mikopo inayopanda na kushuka walitozwa zaidi kuliko walivyotarajia walipotia sahihi. Basi mtu asikopeshe wala asiwekeze kwa sababu jirani yake amefanya hivyo. Aangalie tarakimu zake mwenyewe. Na anayekuahidi faida ya asilimia 10 kila mwezi, hata akianza mkutano kwa maombi, mkimbie.

Sasa naja kwenye neno ambalo wahubiri wengi hulipita upesi. Mafuta yalipojaa, mama hakukimbilia sokoni. Alirudi kwa mtu wa Mungu kumweleza. Naye akamwagiza auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachosalia. Deni lilitangulia, ni kweli, lakini hakuambiwa alipe mpaka chupa ya mwisho halafu arudi nyumbani kulala njaa. Kitu kilisalia.

Hapa nawaonya ndugu wenye bidii. Yuko mtu ambaye, akisikia mazungumzo kama haya, ataufunga mkono hata watoto wakose maziwa, atapeleka kila senti benki, na mwezi akiugua hana hata nauli ya kwenda hospitali. Ukishalipa ziada, benki haikurudishii kwa sababu umeugua. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza hata shilingi moja juu ya malipo ya nyumba, weka kwanza akiba ya kukutosha miezi mitatu, mahali unapoweza kuifikia. Vilevile, ikiwa una mikopo ya simu, lipa hiyo kwanza, kwa maana gharama yake kwa mwaka huupita mkopo wa nyumba kwa mbali. Wala sisemi mtu aache kumtolea Mungu ili alipe benki. Lakini harambee za kujionyesha, zile tunazochanga ili jina letu lisomwe kwa sauti, hizo mwaweza kuzipunguza, na mchungaji wenu hatawachukia.

Ninyi akina baba, nina neno nanyi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka mke au mume anayeishi katika nyumba ya ndoa atie sahihi kabla nyumba hiyo haijawekwa rehani. Ikiwa mkeo alitia sahihi siku ile, mbona leo hajui deni limebaki kiasi gani? Mwonyeshe taarifa ya mkopo. Mwonyeshe pia karatasi za bima, kama mkopo una bima ya kulipa deni mkopaji akifa, na mhakikishe kwamba malipo yake hayajakatika. Mjane wa Elisha hakuwa na karatasi kama hiyo. Mkeo anayo, ikiwa atajua iko katika sanduku gani.

Na wewe ambaye umekwisha kukosa malipo, usijifiche. Kwa sheria hiyo hiyo, mtu akikaa mwezi mzima bila kulipa, mkopeshaji aweza kumwandikia, akimpa muda usiopungua miezi mitatu wa kurekebisha. Baada ya hapo, akitaka kuuza, lazima atoe tena notisi ya siku 40. Siku hizo ni nyingi kwa mtu anayekwenda kuzungumza na benki, nazo ni chache mno kwa mtu anayezificha barua chini ya godoro mpaka aamshwe na dalali. Mama yule alilia wana wake wakiwa bado nyumbani. Hakungoja wachukuliwe.

Sheria pia inampa mkopaji haki ya kulimaliza deni lote kabla ya wakati. Mkataba waweza kumtaka atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja, lakini hauwezi kumnyima haki hiyo. Basi siku utakapolipa shilingi ya mwisho, furahi, imba, lakini kazi haijakwisha. Itake benki itie sahihi hati ya kuiondoa rehani, uipeleke katika ofisi ya ardhi ikaandikishwe. Kisha omba kuangalia daftari uone kwa macho yako kwamba rehani imefutwa. Wako waliomaliza kulipa wakaiacha hati benki miaka mingi kwa uvivu, nao watoto wao ndio waliohangaika ofisi hata ofisi.

Juma lijalo, Bwana akitujalia uzima, tutaendelea na sura hii hii ya 4, habari za yule mama wa Shunemu aliyemjengea nabii chumba. Kwaherini, na Mungu awe pamoja nanyi.