Kujipima Kabla ya Kuomba Kozi ya Nusukaputi



Afisa wa kliniki anayetaka diploma ya juu ya nusukaputi katika chuo cha KMTC, pale Upper Hill karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, huanza kwa swali moja: atapata nafasi au hatapata? Wengi hukimbilia kuhesabu alama zao za KCSE. Alama hizo zilimwingiza katika diploma ya kwanza ya miaka mitatu na kazi yake kubwa iliishia hapo. Sasa huangaliwa usajili wake katika Baraza la Maafisa wa Kliniki, leseni ambayo muda wake haujaisha, na uzoefu wa kazi baada ya mafunzo ya vitendo, kwa kawaida miaka miwili. Mtu mwenye alama nzuri na leseni iliyokwisha muda hana cha kutetea.

Uzoefu wenyewe nao una uzito tofauti. Aliyekaa miaka minne akiwaona wagonjwa wa nje tu anatimiza sharti la miaka, lakini aliyezoea chumba cha upasuaji, aliyewahi kumshikia mgonjwa njia ya hewa na kumfuatilia mapigo ya moyo, anajua anachokiomba. Wa kwanza angefanya vyema kuomba zamu katika chumba cha upasuaji kwanza. Miezi michache humwonyesha pia kama ataiweza kazi hiyo saa tisa usiku.

Muuguzi ana njia yake, chini ya Baraza la Wauguzi, na Hospitali ya AIC Kijabe inajulikana kwa mafunzo hayo. Daktari husomea shahada ya uzamili, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuna pia wanaosoma habari za Marekani wakadhani kozi ni ile ile. Huko wasaidizi wa madaktari wa nusukaputi husomea shahada ya uzamili baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi hudai mtihani wa MCAT au GRE. Diploma peke yake haitoshi.

Kizuizi kigumu zaidi, hata hivyo, hakimo katika fomu. Ni ruhusa ya mwajiri. Msimamizi mwenye wafanyakazi wachache husita kumwachilia mmoja, na husita kwa sababu ya haki. Lakini mama anayehitaji kupasuliwa Pumwani hawezi kuguswa na kisu kabla mtu wa nusukaputi hajafika, hata daktari wa upasuaji awe amesimama tayari. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilipendekeza wataalamu 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi kwa kila watu 100,000. Hawatapatikana bila mtu kuachiliwa akasome.

Basi mwombaji aanze mapema: azungumze na msimamizi wake kabla ya tangazo kutoka, apendekeze nani atashika zamu zake, aulize kwa maandishi kama likizo ya masomo itakuwa na mshahara, kisha apige hesabu ya karo na kodi ya nyumba pamoja na mwenzake wa nyumbani. Asimlipe wakala anayeahidi nafasi. Maombi hupitia kwa chuo chenyewe. Akikosa mwaka huu, ahuishe leseni, aombe zamu za upasuaji, na faili yake isifungwe.