Njaa Haina Dhehebu

Biafra ilijitenga na Nigeria mwaka 1967. Vita vikaizingira, watoto wakafa kwa njaa. Ndipo Walutheri wa Skandinavia, Wakatoliki wa Caritas na Waprotestanti wengine walipounganisha nguvu. Kuanzia 1968 hadi Januari 1970 ndege zao zilibeba chakula na dawa usiku kutoka kisiwa cha São Tomé, zikatua Uli, kwenye barabara iliyogeuzwa uwanja: zaidi ya safari 5,000. Marubani kadhaa walipoteza maisha. Wengine walilaumu kwamba msaada huo ulirefusha vita. Lawama hiyo si nyepesi. Lakini njaa haina dhehebu, wala haingoji amani. Usharika unaotimiza miaka 100 usingoje vita ndipo uketi meza moja na majirani.