Mkemia Hupimwa kwa Pishi Gani?

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na mwalimu wenu ana chaki mkononi, maana leo iko hesabu kidogo. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu hukuwahi redio, tafuta kalamu kabla hujaendelea.

Katika somo lililopita tulijifunza kupanga tarakimu kutoka kubwa hadi ndogo. Mwanafunzi mmoja ameniandikia barua, tena kwa mkono wake mwenyewe, nami nilifurahi sana kuipata. Ameuliza kupanga tarakimu kwaweza kumfaa nini mtu mzima mwenye shamba na watoto. Leo nitamjibu. Nitawaonyesha kwamba kazi, cheo na heshima ya watu wenye elimu kubwa kabisa duniani hupimwa kwa kupanga tarakimu vivyo hivyo kama mpangavyo ninyi. Tena kwamba hesabu hiyo, hata ikifanywa bila kosa, yaweza kumdhulumu mtu.

Tumchukue mkemia. Mkemia ni mtu anayechunguza vitu vimefanywa kwa nini, na vikichanganywa hugeuka kuwa nini. Sabuni, mbolea, rangi ya khanga, vidonge vya malaria, vyote vimepita mikononi mwa wakemia. Mtu huyu hufanya majaribio katika maabara, na akigundua jambo hawezi kukaa nalo kimya. Huandika makala na kuipeleka kwenye gazeti la wataalamu. Gazeti hilo si kama lile la sokoni lenye habari za mpira. Mhariri huwapa wakemia wengine waisome kwanza, nao wakiona kasoro huirudisha kwa mwenyewe.

Sasa sikilizeni sana hapa. Mwandishi wa makala hutaja ndani yake kazi za wenzake zilizomsaidia. Ni kama kusema, "Jambo hili nimelipata kwa fulani, na njia hii nimejifunza kwa fulani." Huko ndiko kutajwa. Makala nyingine hutajwa mara elfu, nyingine mara tatu, na nyingine haitajwi kabisa, inakaa kabatini kama barua isiyofunguliwa.

Mtu aliyeanza kuhesabu kutajwa huko kwa upana alikuwa Mmarekani, Eugene Garfield, ambaye mwenyewe alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alieleza wazo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 kampuni yake ya mji wa Philadelphia ikaanza kutoa vitabu vikubwa vinavyoonyesha makala ipi imetajwa na nani. Nia yake ya kwanza haikuwa kupima watu. Alitaka kumsaidia msomaji atafutaye, ili akishika makala moja ya zamani aweze kujua ni nani waliofuata nyuma yake. Lakini mkiwapa watu orodha yenye tarakimu, hamwezi kuwazuia wasiulize nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Mwaka 2005 akatokea Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia mzaliwa wa Argentina, akifanya kazi huko San Diego, Marekani. Yeye alileta kipimo kinachoitwa fahirisi ya H. Hapa ndipo chaki inapotakiwa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni tarakimu hizi: 25, 9, 6, 4, 2, 0.

Hizi ni makala sita za mkemia mmoja. Ya kwanza imetajwa mara 25, ya pili mara 9, na kuendelea. Tumekwisha zipanga kutoka kubwa hadi ndogo. Sasa wekeni kidole juu ya kila moja na kuhesabu nafasi yake. Nafasi ya 1, imetajwa mara 25. Yatosha. Nafasi ya 2, mara 9. Yatosha. Nafasi ya 3, mara 6. Nafasi ya 4, mara 4; yatosha, lakini kwa shida. Nafasi ya 5, mara 2. Hapo haitoshi, maana 2 ni ndogo kuliko 5. Basi tunasimama, na fahirisi ya mkemia huyu ni 4. Yaani anazo makala 4 ambazo kila moja imetajwa mara 4 au zaidi.

Mwaka 2007 gazeti la Chemistry World la Uingereza lilitoa orodha ya wakemia walio hai waliopangwa kwa fahirisi hii. Juu kabisa alikuwapo George Whitesides wa Harvard, mwenye 135. Akafuata E. J. Corey, pia wa Harvard, mwenye 132. Huyu alikuwa amekwisha pewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Hakuna mkemia ambaye angesema watu hao wawili ni wadogo. Kwa hiyo msije mkadhani nasema kipimo hiki ni upuuzi. Nacho kina wema mwingine: zamani mtu aliweza kupewa kazi kwa sababu profesa wake alikula chakula na mkubwa wa chuo. Tarakimu haijui mjomba wala shangazi.

Lakini mwalimu, futa ubao, andika sasa: 900, 3, 2, 1. Huyu ni mkemia mwingine. Nafasi ya 1, mara 900. Nafasi ya 2, mara 3. Nafasi ya 3, mara 2, haitoshi. Fahirisi yake ni 2 tu! Mtu ambaye kazi yake moja imewasaidia wenzake mara 900 amewekwa chini ya yule wa kwanza, ambaye makala zake zote pamoja zimetajwa mara 46. Naomba darasa litulie hapo kidogo, mjadiliane, kisha tuendelee.

Mtaniuliza kama watu wa namna hiyo wako kweli. Katika mji wa Kyoto, Japani, yuko Koichi Tanaka. Hakuwa profesa wala hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Shimadzu, inayotengeneza vyombo vya kupimia. Mwaka 1985, alipokuwa akitafuta njia ya kupima uzito wa chembe kubwa za protini bila kuzivunja, alikosea akamwaga gliserini katika unga wa kobalti, mahali ambapo hakukusudia. Unga ule ulikuwa wa bei, akaona hasara kuutupa, akaujaribu hivyo hivyo. Ukafaa kuliko yote aliyokuwa amejaribu. Mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na wengine wawili. Makala zake zilikuwa chache. Kama angeomba kazi ya uprofesa mwaka mmoja kabla ya hapo, na wachaguzi wakatazama tarakimu tu, nadhani angerudishwa mlangoni.

Tena kutajwa sana si lazima kuwe kusifiwa. Machi 1989 wakemia wawili, Martin Fleischmann na Stanley Pons, walitangaza huko Utah, Marekani, kwamba wamepata nguvu kama ile ya jua ndani ya chombo cha kioo juu ya meza. Dunia nzima ikashtuka. Wenzao wakajaribu kufanya vile vile katika nchi nyingi, na walio wengi hawakuona kitu. Makala ya mabwana wale ilitajwa mara nyingi mno, na wengi walioitaja walikuwa wakiikanusha. Anayehesabu tu hawezi kutofautisha. Kwake, kusifiwa ni moja na kukanushwa ni moja.

Iko na makala iliyotajwa kuliko nyingine zote zilizohesabiwa. Iliandikwa mwaka 1951 na Oliver Lowry na wenzake wa mji wa St. Louis, Marekani. Ilipohesabiwa mwaka 2014 ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 300,000. Wengi wenu mtadhani humo mna siri ya uhai. La. Inaeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika maji. Ni njia nzuri, rahisi, na kila aliyeitumia aliitaja. Bwana Lowry mwenyewe hakuihesabu kuwa kazi yake kubwa. Ni kama pishi sokoni: kila auzaye mchele hulitaja pishi, wala hakuna asemaye kwamba pishi ni tamu kuliko wali.

Kuna na kipimo cha magazeti yenyewe. Huchukua makala ambazo gazeti limetoa katika miaka miwili, wakatafuta wastani wa kutajwa kwake mwaka unaofuata. Mnajua wastani. Wavuvi 9 wamekaa barazani, kila mmoja ana shilingi 10. Akaingia tajiri mwenye shilingi 910. Jumla ni shilingi 1,000, watu ni 10, wastani shilingi 100 kwa kila mtu. Nani kati ya wavuvi wale ataweza kununua kitu cha shilingi 100? Jambo hili lilitokea kweli. Mwaka 2008 mkemia George Sheldrick wa Göttingen, Ujerumani, aliandika katika gazeti moja la elimu ya fuwele, Acta Crystallographica A, juu ya programu zake za kompyuta, ambazo watu wengi sana walikuwa wakizitumia. Kipimo cha gazeti lile kilikuwa kama 2. Kwa makala ile moja kikaruka mwaka 2009 kikakaribia 50. Waandishi wengine wa gazeti lile walikuwa wavuvi wale wale.

Sasa tuje karibu na kwetu. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki pia mhadhiri akitaka kupanda cheo huulizwa makala zake. Fikirini mkemia anayeshughulika na maji ya sehemu za Arusha. Maji ya huko, karibu na Mlima Meru, yana madini ya floridi kupita kiasi. Huyatia meno rangi ya kahawia, na yakizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Iko njia ya kuyasafisha kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkemia akikaa miaka mitano kijijini akitafuta namna ya kuufanya mkaa huo uwe bora na wa bei nafuu, atatajwa na nani? Wanaoandika juu ya jambo hilo duniani ni wachache. Wanaokunywa maji yale ni wengi, lakini hao hawaandiki makala. Mwenzake aliyechagua jambo linaloandikwa sana huko Ulaya atampita katika fahirisi, na huenda akampita katika mshahara. Na kijana anayeanza kazi huliona hilo, naye si mjinga. Wapo wanaokata kazi moja vipande vinne ili ziwe makala nne, na wapo wanaotajana wao kwa wao kama watu wanaokopeshana shilingi ile ile moja.

Siwacheki, maana hata mimi nimefanya kosa la namna hiyo. Miaka michache iliyopita nilitumwa kukagua madarasa mawili ya jioni. Daftari la kwanza lilikuwa na majina 64, la pili majina 19. Wingu lilikuwa limefunga na basi la mwisho linakaribia kuondoka. Nikaandika kwamba mwalimu wa kwanza asifiwe, na darasa la pili lifungwe. Likafungwa. Baada ya miezi, katika zahanati, nilimwona mama mmoja akisoma karatasi ya dawa ya mtoto wake, pole pole, kidole kikifuata mstari, wala hakukosa neno. Nikamwuliza, "Mama, umejifunza wapi?" Akalitaja darasa lile la pili. Nikarudi kwenye darasa la kwanza bila kutoa taarifa. Nikamkuta mwalimu na watu saba, hata mmoja hakuweza kunisomea sentensi ya ubaoni. Mwalimu wa lile la pili nilimtafuta; alikuwa amekwenda kufanya kazi ya ukarani mjini, na hakutaka kurudi.

Kuhesabu majina kulinichukua dakika mbili. Kusikiliza watu 19 wakisoma kungenichukua jioni nzima. Na ndivyo ilivyo kwa wachaguzi wa wakemia: mezani pana maombi 200, kila ombi lina makala 30, na kusoma makala moja ya kemia ni kazi ya saa nyingi hata kwa mwenye ujuzi. Tarakimu ipo tayari. Desemba 2012 wataalamu waliokutana San Francisco walianza kuandika tamko, lililotolewa mwaka 2013, wakiomba vyuo na wenye fedha wasimpime mtu kwa kipimo cha gazeti alimoandika, bali wasome kazi yenyewe. Vyuo vingi vimetia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi. Kupata jioni nzima ndiyo taabu.

Haya, kazi ya nyumbani. Mkemia ana makala saba. Zimetajwa mara 12, 3, 8, 1, 5, 5 na 0. Zipangeni, kisha tafuteni fahirisi yake. Halafu, na hili ndilo ninalolitaka zaidi, andikeni sentensi tatu: kama mngekuwa ninyi wachaguzi, mngemwuliza mtu huyu nini ambacho tarakimu hizi hazikuwaambia? Mwalimu azikusanye sentensi hizo na kuniletea. Nitazisoma zote.

Kwaherini.