Wenzetu wa Chombo cha Pili



Somo letu la Jumapili ya leo limo katika Injili ya Luka, sura ya 5, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 11. Habari yenyewe mnaijua. Simoni na wenzake wamekesha ziwani usiku kucha bila kupata hata kitoweo. Kwa neno la Bwana wanashusha nyavu tena, nazo zinajaa hata kukaribia kukatika. Wahubiri wengi husimama hapo, penye wingi wa samaki. Leo naomba tusogee hatua moja mbele, penye tendo dogo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Simoni hakuificha neema ile. Aliwapungia mkono wenzake waliokuwa katika chombo cha pili, waje wamsaidie. Kama angalijaribu kuvuta peke yake, angalipoteza samaki na nyavu pia.

Ndugu msikilizaji, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunakifahamu chombo cha pili. Tangu zamani wavuvi wa Pemba huvuka msimu wa kaskazi kwenda dago katika pwani ya Kenya. Nao samaki hawana pasi ya kusafiria. Mkondo mkubwa wa bahari hufika pwani yetu karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha hupanda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba hadi Kenya, ukichukua mayai na vichanga visivyohesabika. Mtazameni pweza jike. Hutaga mayai pangoni mwa mwamba, huyalinda, na yakiisha kuanguliwa hufa. Watoto wake, wadogo mithili ya punje ya mchele, huelea majuma kadhaa kabla ya kutulia chini. Mama amefia mwamba wa nchi moja. Watoto huenda wakakulia mwamba wa nchi nyingine. Basi auharibuye mwamba wake amemwibia jirani asiyemjua.

Nasi tumeharibu mengi. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku nchini Tanzania tangu mwaka 1970. Hata hivyo mishindo yake iliendelea kusikika kwa miongo mingi. Mshindo mmoja huua mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa, na huvunja matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi. Aliyelipua hupata fedha ya siku moja, na wajukuu wake hurithi kifusi. Kisha yapo maafa yasiyojua mpaka kabisa. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe yakageuka meupe na kufa kwa wingi, tangu Kenya na Tanzania hadi Shelisheli. Hakuna serikali iliyoweza kuyazuia maafa hayo peke yake.

Mataifa nayo yamepungiana mikono. Mwaka 1985 yalikutana Nairobi, yakafanya mkataba wa kuyalinda mazingira ya bahari na pwani. Ulianza kutumika mwaka 1996, na leo unaziunganisha nchi 10, zikiwamo Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini na visiwa vya Komoro na Madagaska. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mkataba umeandikwa kwa wino, na mwenye kuutia uhai ni mtu aliye majini.

Sikilizeni habari ya Andavadoaka, kijiji cha wavuvi kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwezi Novemba 2004 watu wake walikubali kuufunga mwamba mmoja, pweza asiguswe hapo kwa miezi 7. Halikuwa jambo jepesi, maana wanaomtegemea pweza mara nyingi ni wale wasio na chombo: kina mama na watoto washukao mwambani kwa miguu wakati wa bamvua. Mwamba ulipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa kuliko walivyozoea. Lakini wakafika pia watu wa vijiji vya jirani ambao hawakufunga chochote, wakavuna pamoja nao, na faida ikaisha upesi.

Ungalifanya nini wewe? Wengi wetu tungalisema: mwakani hatufungi, tusije tukawalimia wengine. Wao walichagua kushirikiana na majirani. Mwaka 2006 vijiji zaidi ya 20 viliungana kuitunza bahari yao, vikauita umoja huo Velondriake, yaani kuishi pamoja na bahari. Mfano ule ukavuka maji. Mwaka 2012 kisiwa cha Rodrigues kiliweka msimu wa kumpumzisha pweza, na baadaye Kisiwa Panza, huko Pemba, nacho kikafunga mwamba wake.

Simoni aliwaita wenzake wakati wa wingi, wavute pamoja. Sisi tunatakiwa tuwaite wenzetu wakati wa upungufu, tuache pamoja. Hili ni gumu zaidi, kwa kuwa kila mmoja huogopa kwamba akiacha yeye, jirani atachukua. Kwa hofu hiyo wote huchukua, hata pasibaki kitu cha kugombania.

Basi juma hili, wewe mvuvi, usihalalishe nyavu za matundu madogo kwa kuwa jirani anazo. Nenda ukazungumze naye. Wewe mchuuzi, ukiletewa samaki mwenye nyama iliyolegea na mifupa iliyovunjika kwa baruti, mkatae, ijapokuwa bei yake ni nafuu. Nawe uliyekabidhiwa ofisi, ukipata habari ya chombo kinachovua kwa magendo, mpelekee mwenzako wa ng'ambo ya mpaka kabla hakijatoweka. Na sote tujiulize: ni nani aliye katika chombo cha pili ambaye hatujampungia mkono, kwa kuwa tuligombana naye zamani, au kwa kuwa si wa dini yetu wala wa taifa letu?

Tuombe. Ee Mungu, uliyeumba bahari na vyote vilivyomo, utuondolee hofu ya jirani. Utufundishe kuvuta kwa kiasi na kuacha kwa wakati, ili watoto wetu nao wakishusha nyavu wasikeshe bure. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.