Mifugo Nayo Ina Makao Kijijini

Mwulize mtu wa huku kwetu Dodoma, kuanzia hapa Kikuyu hadi Bahi na Mvumi, kaya yake ina nani. Atakutajia watoto, kisha hata kabla hujauliza atakutajia ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi yake. Lakini siku kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, tunahesabu watu, nyumba na mashamba. Ng'ombe hukumbukwa mwisho, wakati kilichobaki ni kilima cha mawe.

Mtaniuliza, je, bwana shamba anataka ng'ombe apige kura? Hapana. Mtoto mchanga naye hapigi kura, lakini zahanati tunaijenga kwa ajili yake. Mnyama anayelima shamba lako, anayenywa maji ya kijiji na kukanyaga ardhi ya kijiji, yumo katika kijiji, tupende tusipende. Tusipompangia mahali, atajipangia mwenyewe, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Wenzetu wa Kondoa wanajua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tuliouzoea kwa jina la HADO. Makorongo ya Kondoa yalikuwa yamekula mashamba na njia. Yakachimbwa makinga maji, ikapandwa miti, lakini mifugo iliendelea kukanyaga palepale. Basi mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Wanyama zaidi ya 80,000 walitakiwa kuhama. Wengine waliuzwa, wengine wakapelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya eneo. Mwaka 1986 amri ya namna hiyo ilifika tarafa ya Mvumi, karibu kabisa na hapa.

Ardhi ilipona, hilo nalisema wazi. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na watu wakapata fito na kuni. Lakini tazama pia walichokosa. Maziwa ya watoto yalikwenda pamoja na ng'ombe. Samadi ilikwenda. Punda wa kubeba maji akaondoka, na mzigo ukarudi kichwani kwa mama. Mwisho wa miaka ya 1980 watu wa Kondoa walianza kuruhusiwa kufuga tena, safari hii ng'ombe akikaa bandani na majani akiletewa. Maana yake ni kwamba mnyama alirudi kijijini akiwa na mahali pake panapojulikana. Kwa maoni yangu, mahali hapo pangetafutwa mapema, mifugo mingi isingehitaji kufukuzwa.

Sheria yetu nayo imesogea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inasema ustawi wake ni sehemu muhimu ya jamii iliyoendelea. Kumpiga maksai mgonjwa ili amalize ekari si jambo la nyumbani kwako peke yako.

Sasa tuje kwenye kazi. Chukueni maji. Ng'ombe mmoja mzima wakati wa kiangazi hunywa lita 25 au zaidi kwa siku. Kijiji chenye ng'ombe 200 kinahitaji lita 5,000 kila siku kwa ajili yao tu, yaani madumu 250 ya lita ishirini. Hesabu hiyo isipofanywa kabla ya kuchimba kisima, akina mama na wachungaji watagombana bombani kila asubuhi, na pampu itakufa. Jengeni birika la kunyweshea mbali na bomba la watu, upande wa chini, ili matope na kinyesi visirudi kisimani.

Kisha njia. Pimeni njia ya mifugo kutoka mazizini hadi malishoni na majini, muiwekee alama kabla mashamba hayajagawiwa. Iwe pana, isipite kwenye mteremko mmoja miaka yote, maana kwato hufungua korongo. Kubalianeni pia juu ya mabua ya mtama na uwele baada ya mavuno: nani alishe, kuanzia lini, na samadi ibaki kwa nani. Andikeni katika sheria ndogo za kijiji. Neno la mdomo husahaulika mvua ikichelewa.

Kuna jambo moja linaloniudhi. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa watu wazima, wa miaka 18 na kuendelea. Anayejua ng'ombe wanakwama wapi na maji gani yanawaharisha mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na mitano, tena siku ya mkutano yuko machungani. Mwulizeni jioni akirudi, kabla ya siku ya kupitisha mpango. Mwulizeni na mama anayemtumia punda kubeba maji, kwa sababu punda husahaulika kuliko wanyama wote. Katika daftari nyingi nilizoziona hana hata mstari wake. Mwandikieni.